Daraja la Juu kwa Wote

Desemba 2010, bodi ya shule ya sekondari ya Evanston, kaskazini mwa Chicago nchini Marekani, iliamua kuacha kuwagawa wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa uwezo katika Kiingereza na historia. Madarasa ya juu yalikuwa yamejaa Wazungu, huku watoto weusi na Walatino wengi wakibaki chini. Sasa karibu wote wangeketi pamoja, na sifa ya daraja la juu ingepatikana kwa kazi ya mwanafunzi mwenyewe.

Wazazi wengine walihofu kwamba masomo yatalegezwa. Hofu hiyo haifai kupuuzwa. Mpe mwalimu mmoja watoto wanaomaliza riwaya kwa juma moja pamoja na wanaokwama ukurasa wa pili, usimwongezee muda wala msaidizi, na kiwango kitashuka hata darasa ukiliita la juu.

Lakini katika shule za Rockville Centre, jimboni New York, walifanya jambo la maana zaidi. Walipowapa wanafunzi wote mtaala wa juu wa hisabati, waliongeza vipindi vya msaada kwa waliovihitaji. Utafiti uliochapishwa 2006 ulionyesha kuwa waliokuwa hodari hawakudhurika, na wengi zaidi wakafika hisabati ya juu. Ni hisabati, naam, si fasihi, ila naamini somo ni lilelile.

Basi bodi ikitangaza daraja la juu kwa wote, mimi naiuliza kwanza: vipindi vya msaada viko wapi katika bajeti, na mwalimu mmoja atasahihisha insha ngapi?