Anayemwongoza Abiria Hahesabiwi Mzigo

Maandishi ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa waendeshaji bodaboda, madereva wa magari ya abiria na wavushaji wa mitumbwi, Wadi ya Kinakomba



Mazungumzo ya leo ni kuhusu abiria ambaye hasafiri peke yake. Ana kitu au mtu anayemfanyia kazi ya macho au ya miguu. Mmoja ana fimbo nyeupe. Mwingine ameshikwa mkono na mtoto. Mwingine amekalia kiti cha magurudumu. Na kwa kuwa barabara ya Garissa hadi Malindi hupitisha watu wa Lamu, wa Mombasa na hata wageni wa ng'ambo, huenda akasimama Hola au Minjila mtu asiyeona, pembeni yake mbwa aliyefungwa hatamu, akauliza gari la kwenda Garsen. Dereva atakayesimamishwa atakuwa na nusu dakika ya kuamua. Ni afadhali aamue leo akiwa ameketi kivulini.

Kwanza kiti cha magurudumu, maana hicho ndicho kinacholeta ubishi wa nauli. Kuna makanga anayetoza nauli ya mtu, kisha akatoza na ya kiti, kana kwamba ni gunia la maembe. Gunia la maembe likifika Malindi huuzwa. Kiti hakiuzwi. Kikipindwa chini ya magunia ya makaa, mwenyewe kesho yake hatoki nyumbani, na huenda akakaa miezi akisubiri kingine. Hakuna abiria anayetozwa nauli ya miguu yake, na kiti ndicho miguu ya huyu.

Kukibeba nako kuna namna yake. Kipakiwe mwisho ili kishuke kwanza. Kishikwe kwenye fremu, si kwenye sehemu za kuwekea mikono au miguu, maana nyingine hung'oka. Na kabla ya kumwinua mtu, aulizwe anainuliwaje. Anajua. Ameinuliwa mara nyingi kuliko makanga yeyote alivyoinua.

Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima, ya kutoitwa kwa maneno ya kumdunisha, ya kufikia usafiri wa umma, na ya kupata vifaa vya kumwezesha. Kifungu cha 27 kinakataza mtu yeyote kumbagua mwenzake kwa sababu ya ulemavu, na hapo "mtu yeyote" ni pamoja na mwenye Probox. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 iliwapa wenye magari ya abiria miaka miwili wayarekebishe yawafae abiria hao. Miaka imepita mingi, na abiria bado anainuliwa kwa mikono. Mwaka 2025 sheria mpya ilichukua nafasi ya ile. Tangu mwaka 2010 Katiba haijabadilika hata herufi moja katika jambo hili. Kenya pia iliridhia mwaka 2008 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na mkataba huo unawataja waziwazi waongozaji na misaada iliyo hai kuwa sehemu ya haki ya kusafiri.

Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu watu wenye ulemavu nchini kuwa asilimia 2.2 ya wenye umri wa miaka mitano na zaidi, yaani zaidi ya watu 900,000. Kwa hiyo abiria huyu si wa ajabu. Kila steji inaye.

Sasa mtoto. Vijijini, asiyeona mara nyingi huongozwa na mtoto: mwanawe, mjukuu, au mtoto wa jirani. Mtoto hushika ncha ya fimbo akatangulia, mkubwa akafuata. Ni picha iliyozoeleka mno hata hakuna anayeuliza mtoto huyo ana miaka mingapi na leo ni siku gani. Ana miaka tisa. Leo ni Jumanne. Wenzake wako darasani, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inasema naye awe huko.

Hapa mwendesha bodaboda ana uwezo ambao huenda hajawahi kuufikiria. Nyanya asiyeona wa Kinakomba ana siku yake ya kliniki katika hospitali ya Hola. Anamchukua mjukuu kwa sababu hajui kama mwendeshaji atamwacha langoni, au upande wa pili wa barabara, au atamwambia "tumefika" akaondoka. Angekuwa na mwendeshaji mmoja anayemwamini, wa kumchukua mlangoni kwake na kumkabidhi kwa mhudumu wa mapokezi, kisha kumrudia saa waliyopatana, mjukuu angebaki shuleni. Hayo ni mazoea mazuri tu, na yanampa mwendeshaji mteja asiyemkimbia.

Mtoto akija, basi sheria ya barabarani nayo ina lake. Pikipiki inaruhusiwa abiria mmoja tu. Nyanya na mjukuu ni wawili. Wapo wanaowapandisha wote wakasema Mungu mkubwa, na wapo wanaomwambia nyanya apande, mtoto abaki steji. Yote mawili ni makosa, na la pili ni baya zaidi, maana linamtenga asiyeona na macho yake na kumwacha mtoto peke yake barabarani. Wachukuliwe na pikipiki mbili zinazofuatana, au steji iwatafutie tuktuk au gari. Steji zenye utaratibu zinaweza kukubaliana mapema nauli ya mwongozaji iwe nusu. Hilo halihitaji sheria ya Bunge, linahitaji kikao kimoja.

Namna ya kumpakia asiyeona ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Salimia kwanza, taja jina lako. Mtu mzima apewe shikamoo yake, aitwe mama, mzee, au kwa jina lake. "Wewe kipofu" si jina. Usimvute mkono. Mpe kiwiko chako akishike, utangulie hatua moja. Weka mkono wake kwenye kiti cha pikipiki, mwonyeshe pa kukanyaga, mwambie bomba la moshi liko upande gani kabla halijamwunguza. Helmeti aivae mwenyewe. Fimbo ikunjwe akae nayo mkononi, isifungwe nyuma pamoja na mkaa. Njiani mwambie matuta yanapokuja. Ukisimama kujaza mafuta, sema umesimama kujaza mafuta, maana ukimya ukiwa umesimama humtia mtu hofu.

Wavushaji nao wasikie. Mtumbwi ni chombo cha abiria kama gari. Asiyeona na mwongozaji wake wavuke pamoja, wasitenganishwe kwa sababu ya kusawazisha uzito; wahamishwe wengine. Aambiwe akae chini, maji yako umbali gani, ukingo uko upande gani. Jaketi la kuokolea maisha lianze kwake. Mto ukijaa kama ulivyojaa Aprili na Mei 2024, asiyeona ndiye wa mwisho kujua maji yamefika wapi.

Jambo la mbwa lazima lisemwe bila kuzungukazunguka.

Mbwa mwongozaji si mbwa wa kuzurura. Shule ya kwanza ya kuwafundisha ilianzishwa Ujerumani mwaka 1916, kwa ajili ya askari waliopofuka vitani. Marekani ilipata yake mwaka 1929, na Afrika Kusini ina chama chake tangu 1953. Mbwa hulelewa na familia karibu mwaka mzima, kisha hufundishwa kwa miezi. Huvaa hatamu yenye mkono mgumu ambao mwenyewe hushika. Mbwa hajui njia ya Garsen. Anayeijua ni mwenyewe. Kazi ya mbwa ni kukwepa shimo, kusimama penye ngazi, na kukataa kusonga mbele gari linapokuja hata akiamriwa. Akiwa kazini asipewe chakula, asiitwe, asipapaswe. Garini hulala sakafuni miguuni mwa mwenyewe. Hapandi kiti.

Nchini mbwa hawa ni nadra. Mbwa wa kazi, hata hivyo, si wageni: polisi wana wao wa kunusa, na mkulima anayelinda mahindi yake dhidi ya nyani anajua tofauti ya mbwa anayesikia amri na asiyesikia.

Wakazi wengi wa hapa ni Waislamu, na dereva atasema gari lake analiswalia. Hoja hiyo ni ya kweli na haifai kuchekwa. Katika madhehebu ya Shafi, mate na umajimaji wa mbwa ni najisi inayooshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Wanazuoni wa madhehebu hayo hayo wanafundisha kuwa kikavu kikigusa kikavu hakinajisishi. Wamaliki humhesabu mbwa kuwa tohara. Kurani yenyewe inawataja wanyama wa kuwinda waliofundishwa, katika Sura ya Al-Maida, na mbwa wa watu wa pangoni katika Al-Kahf. Na Sura ya Abasa ilishuka kwa ajili ya mtu asiyeona, Abdullah bin Ummi Maktum, aliyekuja kuuliza akakunjiwa uso. Huko Uingereza mwaka 2008 baraza la masheikh lilitoa fatwa ya kumruhusu kijana asiyeona kufika msikitini Leicester na mbwa wake, na mbwa akatengewa mahali pake nje ya ukumbi wa swala.

Dereva mwenye wasiwasi anaweza kuweka turubai au mkeka wa plastiki kwenye buti, sakafu ikafunikwa, na safari ikaisha bila kuosha chochote. Mwenye shaka zaidi amuulize imamu au Kadhi, lakini amuulize kabla, si abiria akiwa amesimama juani mlangoni. Abiria wengine wakinung'unika, mwenye mbwa apewe kiti cha mbele au cha mwisho penye nafasi ya miguu. Anayeogopa mbwa akae mbali naye. Kwenye pikipiki mbwa hapandi kwa usalama wa wote, na hapo mwendeshaji hajabagua mtu, mradi amemtafutia gari badala ya kumpungia mkono na kuondoka.

Kuna sababu nyingine ya kulijua jambo hili. Vijana wa Tana River huenda Mombasa na Nairobi kuendesha magari ya programu ya simu. Uber ilianza Nairobi mwaka 2015 na Mombasa mwaka uliofuata, na tangu 2022 kampuni hizo zina kanuni zake chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama. Wengine huvuka bahari kabisa. Huko Minneapolis, Marekani, madereva wengi wa teksi za uwanja wa ndege walikuwa Wasomali, na baadhi walikataa abiria wenye pombe, na wengine wenye mbwa waongozaji. Aprili 2007 mamlaka ya uwanja huo iliamua: anayekataa mara ya kwanza anasimamishwa siku 30, mara ya pili leseni inafutwa kwa miaka miwili. Mahakama ya rufaa haikuwaokoa. Mwaka 2016 Uber ilipatana na shirikisho la wasioona la Marekani kwamba dereva anayemkataa mwenye mbwa mwongozaji kwa kujua anaondolewa kazini. Huko dereva anaruhusiwa kuuliza maswali mawili tu: je, mbwa huyu anahitajika kwa sababu ya ulemavu, na amefundishwa kazi gani. Uingereza humsamehe dereva mwenye sababu ya kiafya aliye na cheti. Sababu ya dini haina cheti. Kijana wa Kinakomba asiyejua haya anaweza kupoteza leseni aliyoigharimia shamba la babake.

Kuhusu malipo, noti za mwaka 2019 zina mistari ya kupapasa ili asiyeona azitambue. Chenji ihesabiwe kwa sauti, noti moja moja. Akilipa kwa M-Pesa, asome mwongozaji wake au mtu anayemchagua. Mwendeshaji asiombe nambari ya siri hata kama ana nia njema.

Anayehitaji fimbo nyeupe au kiti anaweza kuomba kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Kujiandikisha ndiyo hatua ya kwanza, na chifu au mzee wa kijiji anaweza kumwelekeza. Aliyekataliwa kubebwa, au aliyetozwa nauli ya kiti, aandike au aandikiwe nambari ya gari au ya jaketi la mwendeshaji, siku, saa na steji. Aanze na mwenyekiti wa steji au sako. Asiporidhika, apeleke kwa Baraza hilo, kwa Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa, au kwa Mamlaka ya Usafiri na Usalama. Mashahidi waliokuwa steji watajwe kwa majina, kwa sababu kesi nyingi za namna hii hufia hapo: watu kumi waliona, na hakuna aliyekubali kuandikwa.