Karakana Bila Mteja: Jibu kwa Philip Foster na Wafuasi Wake



Sitawachosha kwa kuisimulia Sera ya Elimu na Mafunzo ya Tanzania ya mwaka 2014, Toleo la 2023. Wengi wenu mmeisoma, na baadhi yenu mlikuwamo ilipoandikwa. Itoshe kukumbuka kwamba sekondari sasa ina mikondo miwili, wa jumla na wa amali, na kwamba halmashauri zinahangaika kujua karakana zitajengwa kwa fedha ipi na walimu watatoka wapi. Kilichonileta kwenye mimbari hii ni hoja ya zamani ambayo siku hizi naisikia kila nikikaa na wachumi: kwamba tunatupa fedha, maana jambo hili lilishajaribiwa likashindikana, na mwanasosholojia wa elimu Philip Foster alishatuonya tangu mwaka 1965.

Nimtendee haki kwanza. Foster aliandika kuhusu Ghana. Alitaka kujua kwa nini juhudi za miaka mingi za kufundisha kilimo na ufundi shuleni hazikuzaa wakulima wala mafundi wa kutosha. Wakoloni walikuwa na jibu lao: Mwafrika akisoma hudharau kazi ya mikono. Foster alilikataa tusi hilo. Alionyesha kwamba kijana wa Gold Coast, yaani Ghana ya kikoloni, alikuwa amepiga hesabu zake vizuri. Karani alimzidi seremala kipato, na njia ya ukarani ilipitia shule ya vitabu. Hivyo shule ya vitabu ndiyo iliyokuwa shule ya kazi yenye faida kuliko zote. Hapo sina ugomvi naye. Mzazi wa Tandahimba au Sengerema anazijua hesabu hizo bila kumsoma Foster.

Ugomvi wangu ni na wafuasi wake. Kwa kuwa shule peke yake haiwezi kubadili soko la ajira, wao wakahitimisha kwamba ufundi uondolewe shuleni na uachiwe waajiri. Wazo hilo lilipata makao Benki ya Dunia, na waraka wa sera wa benki hiyo wa mwaka 1991 kuhusu mafunzo ya ufundi unaelemea upande huohuo. Sasa nauliza: mwajiri yupi? Katika nchi ambayo vijana wengi wanaishia shambani kwa wazazi, gengeni, kwenye bodaboda au kwenye kibanda cha fundi, ukimwambia kijana akafundishwe na mwajiri unamtuma kwa mtu asiyekuwapo. Na hao waajiri wachache tulio nao wamekuwa wakiilalamikia hata tozo ya kuendeleza ufundi stadi, mpaka ikashushwa hadi asilimia 3.5 ya mishahara mwaka 2023.

Silaha yao ya pili ni utafiti wa George Psacharopoulos na William Loxley wa mwaka 1985, uliolinganisha Colombia na Tanzania. Waliichunguza michepuo yetu ya kilimo, ufundi, biashara na sayansikimu, wakasema gharama zake ni kubwa na faida yake katika kipato haionekani. Utafiti huu hutajwa sana na watu wasioufungua. Ukiufungua utaona kwamba wahitimu wa Tanzania walifuatiliwa muda mfupi tu baada ya kidato cha nne, wakati wengi wao walikuwa bado masomoni au mafunzoni. Kipato cha fundi utakipimaje kabla hajaanza kufanya kazi? Halafu kilichopimwa ni mchepuo kama ulivyokuwa: somo lililoongezwa katika shule ambayo mwisho wake ulikuwa uleule, kuwania nafasi chache za kidato cha tano. Jon Lauglo na Anders Närman walikuta jambo linalofanana Kenya mwaka 1987: wanafunzi waliyapenda masomo ya karakana, lakini hayakuonekana kuwarahisishia kupata kazi. Naukubali ushahidi huo. Unathibitisha kwamba karakana iliyofungiwa ndani ya uzio wa shule haifiki mbali. Hauthibitishi kwamba karakana haifai.

Wanaonijua walikuwa wanangoja nifike kwenye Elimu ya Kujitegemea, nami sitawanyima. Andiko hilo la Mwalimu Nyerere la Machi 1967 linatajwa mno na kusomwa kidogo. Watu wanakumbuka jembe na shamba la shule. Mimi nawaomba msome sehemu zinazohusu hesabu. Mwalimu hakutaka shamba la maonyesho lenye mitambo iliyoletwa kutoka mbali. Alitaka wanafunzi wapange wenyewe, waweke kumbukumbu za mapato na matumizi, waone hasara ya uzembe na faida ya bidii, na washiriki kuamua matumizi ya kilichopatikana. Akataka pia shule ya msingi iwe elimu kamili, kwa sababu wakati ule ni asilimia 13 tu ya watoto waliotarajiwa kupata nafasi ya sekondari. Tulichokitekeleza ni jembe. Hesabu tukaziacha mezani. Watoto walilima, mavuno yakaenda wasikokujua, na kilimo kikawa adhabu ya waliochelewa kufika shule.

Nilichokisoma humo nilikuwa nimeshakiona Keko, Dar es Salaam, kwenye kibanda cha mjomba wangu seremala, nilikopelekwa kila likizo nishike msasa na kuokota maranda. Siku moja mteja alirudisha kitanda. Mbao ilikuwa mbichi, imekauka, viungo vimelegea. Mjomba alisemwa mbele yetu wote, akakifumua kitanda kile na kukiunda upya kwa gharama yake. Kuanzia siku ile hakuna mwanagenzi aliyegusa mninga bila kwanza kuuliza umekaushwa muda gani. Hakuna mtihani wa nadharia ulionifundisha unyevu wa mbao namna ile.

Najua mtasema nini. Fundi wa mtaani huficha ujuzi, humtumikisha mwanagenzi, hasomi michoro, na vipimo vyake ni vya macho. Ni kweli, nami niliyaona hayo palepale Keko. Mtasema pia kwamba mafundi wa Ifunda, Moshi na Tanga waliotoka shule zetu za ufundi walijua kuchora kwa sababu walifundishwa na walimu waliosomea ualimu. Hilo nalo ni kweli. Pamoja na yote hayo, bado nashikilia kwamba mwanafunzi wa amali asipewe cheti mpaka kazi yake iwe imenunuliwa na mteja na kukaguliwa na fundi anayeishi kwa ufundi huo, hata kama fundi huyo hana shahada. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi aliyepita hapo apewe nafasi darasani, akae na mwalimu. Mmoja afundishe michoro na hesabu, mwingine afundishe mkono.

Mteja atatoka wapi? Mteja mkubwa kuliko wote wilayani ni halmashauri yenyewe. Inanunua madawati, milango, madirisha, sare na chakula cha wagonjwa. Mwaka 2016 nchi nzima ilihimizwa kumaliza upungufu wa madawati. Kazi kama ile ingetosha kuwa mtihani wa vitendo kwa karakana zote za shule nchini.

Kwa hiyo ombi langu kwa wakurugenzi wa halmashauri ni moja. Kabla hamjazindua karakana nyingine, tengeni sehemu ya zabuni zenu kwa shule za amali, mzilipe kwa wakati kama mnavyowalipa wazabuni wengine, na mzikatae kazi mbovu bila huruma. Foster aliwaonya watawala kwamba mtoto hufuata kinacholipa. Basi mlipeni.