MAZUNGUMZO JUU YA KUFUNGA MIAMBA YA PWEZA





Pweza ni riziki ya watu wengi wa pwani za Unguja na Pemba. Maji ya bamvua yanapokupwa, wanawake na wazee huteremka mwambani kwa miguu, mchokoo mkononi, bila ya chombo wala nyavu. Vijana wenye miwani ya kuzamia humtafuta penye kina zaidi. Wote hao hutegemea mwamba mmoja.

Umri wa pweza ni mfupi, takriban mwaka mmoja au zaidi kidogo, lakini hukua upesi mno. Jike hutaga mara moja tu maishani. Hulinda mayai yake bila ya kula, na yakishaanguliwa hufa. Anayechokolewa akiwa mdogo hupotea pamoja na kizazi chake. Akiachwa miezi miwili au mitatu, uzito wake huongezeka maradufu na zaidi.

Kwa sababu hiyo baadhi ya vijiji, kikiwemo Kisiwa Panza huko Pemba, vimefunga sehemu ya mwamba kwa muda maalumu na kuifungua kwa siku iliyotangazwa. Wavuvi wa Andavadoaka, Madagaska, walianza utaratibu kama huo mwaka 2004.

Hata hivyo, gharama ya kufunga haiwaangukii wote sawasawa. Mwenye chombo huhamia kwengine. Mama aendaye kwa miguu hana pa kwenda. Siku ya kufungua, mzamiaji akitangulia, mama hukuta mashimo matupu. Mwamba uliofungwa kwa subira ya huyu na kuvunwa na yule hautafungwa tena kwa hiari.

Kwa hivyo, Kamati za Wavuvi na Masheha wanahimizwa kuzingatia yafuatayo:

1. Wachokoaji wa miguu washirikishwe katika kuamua eneo na muda, na sehemu iliyo karibu na pwani ibaki wazi kwao.

2. Siku ya kufungua, wazamiaji wasiingie kabla maji hayajakupwa.

3. Wageni wa dago waoneshwe mipaka kabla ya kuanza kuvua.

4. Hesabu ya faini isomwe hadharani.

Sheria za Uvuvi za mwaka 1988 na 2010 zilipiga marufuku baruti na sumu, lakini hakuna askari awezaye kukesha kwenye kila mwamba. Mlinzi wa kweli ni jirani mwenye hakika kuwa fungu lake halitaliwa na mwengine.

Wahenga walisema pweza hujipalia makaa. Kijiji kinachoiba mwamba wake chenyewe hufanya vivyo hivyo.