GOFU LA BAA ILIYOUNGUA: TULISOME KABLA HALIJATOWEKA

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama katika mkutano wetu wa mwaka, Olmotonyi)



Safari hii Kamati haikutaka hotuba juu ya maendeleo ya shule, kwa kuwa hayo tumekwisha kuyasikia kwa Mweka Hazina, na michango bado inadaiwa. Imeniomba nizungumze juu ya baa. Si baa ya kunywea, maana njia ya huko kila mmoja wetu anaijua bila kuelekezwa. Nimeombwa nizungumze juu ya baa kongwe iliyoungua moto na kuachwa: ile nyumba ya kuta nyeusi ambayo vijana hupenda kuingia na kupiga picha, na wazee hupita wakitazama pembeni.

Lugha yetu ina baa mbili. Kuna baa ya bia, na kuna baa la njaa au la moto. Gofu la namna hii limebeba zote mbili, na ndiyo maana linavuta watu. Hoja yangu ni moja tu: gofu hilo ni daftari la mahudhurio. Linaeleza nani aliruhusiwa kuingia, nani alisimama nje, na nani alikuwa ndani lakini kwa kazi ya kubeba sinia. Daftari hilo halina mlinzi, na kurasa zake zinachukuliwa jiwe kwa jiwe.

Tuanze na nyumba yenyewe kabla ya moto. Katika miteremko hii ya Meru na ile ya Kilimanjaro watu walikuwa na pombe yao tangu zamani. Mbege, mathalan, hupikwa kwa ndizi na ulezi, na unywaji wake ulikuwa na adabu zake: mkubwa hutangulia, mdogo hungoja, na mambo ya mahari na ya mashamba huzungumzwa hapo hapo. Hapakuwa na kaunta wala leseni. Baa ya chupa ilikuja na utawala wa kigeni, na ilikuja na mlango.

Wajerumani walijenga Boma la Arusha mwaka 1900. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walikabidhiwa Tanganyika chini ya Shirikisho la Mataifa, na hati ya udhamini ya mwaka 1922 iliwataka wadhibiti vikali uuzaji wa silaha na wa vileo vikali. Kabla ya hapo, Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 na ule wa Saint-Germain wa mwaka 1919 ilikuwa imekwisha kuweka vizuizi juu ya vileo vikali vilivyoletwa Afrika. Kwa maneno ilikuwa ni kumlinda Mwafrika. Kwa vitendo, sheria ilitazama rangi ya mnywaji. Mwafrika alizuiwa kununua vileo vikali, na kwa muda mrefu hata bia ya chupa haikuwa haki yake kama ilivyokuwa haki ya mwajiri wake. Vizuizi hivyo vilianza kulegezwa baada ya Vita vya Pili. Kwa hiyo mtu aliweza kufuta meza, kuosha bilauri, kupanga chupa rafuni kwa miaka kumi, na asiwe na ruhusa ya kuketi mbele ya kaunta ile ile.

Sasa tuingie gofuni. Lakini hatuingii kama wezi wa kuku. Kila gofu lina mwenyewe, hata kama mwenyewe huyo yuko mbali. Kwa hiyo kwanza tunabisha hodi kwa mwenye kiwanja na kwa serikali ya kijiji au ya mtaa. Pili, haendi mtu peke yake. Tatu, tunatazama juu kabla ya kutazama chini. Kenchi zilizoungua nusu zaweza kushikilia bati kwa miaka, kisha zikaachia siku moja bila hata upepo. Na kama paa lilikuwa la vigae vya asbesto, basi tubaki nje. Asbesto ikipata moto hupasuka vipande vipande, na vumbi lake likiingia mapafuni huleta maradhi ambayo huonekana baada ya miaka mingi sana. Picha moja haina thamani hiyo.

Tukiwa salama, tuanze kusoma. Moto ni karani mzuri, kwa sababu kila kitu kina joto lake. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi. Zinki inayopakwa juu ya bati huyeyuka kwenye nyuzi 420, na ndiyo maana mabati yaliyopitia moto mkali hushika kutu upesi. Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660, shaba nyekundu kwenye 1,085. Kioo cha kawaida huanza kulegea katikati ya nyuzi mia sita na mia saba. Kwa hiyo ukiokota chupa iliyopinda kama mshumaa uliosahauliwa juani, unajua joto la mahali hapo lilifika wapi. Ukikuta pembeni yake bomba la shaba limesimama salama, unajua halikufika wapi.

Tazama ukuta. Saruji na zege vikipita nyuzi 300 hivi mara nyingi hugeuka rangi ikaelekea uwaridi, kwa sababu ya madini ya chuma yaliyomo kwenye mchanga na kokoto. Tazama masizi. Moto ukianzia chini karibu na ukuta, huacha alama iliyo nyembamba chini na pana juu, mfano wa herufi V. Alama hiyo ni fununu, siyo hukumu. Upepo na vitu vilivyokuwamo chumbani vyaweza kuipotosha. Mtu asitoke gofuni akitangaza kwamba fulani ndiye aliyechoma, kwa sababu tu ameona V ukutani.

Tazama mbao. Hapa ndugu zetu waliopitia Chuo cha Misitu cha hapa Olmotonyi wataniunga mkono. Watu hudhani chuma ni imara kuliko mti mbele ya moto. La hasha. Chuma kikifika nyuzi 550 hivi hupoteza karibu nusu ya nguvu zake, kikapinda na kuvuta ukuta. Boriti nene ya mti huungua kutoka nje kwenda ndani polepole, chini ya milimita moja kwa dakika, na mkaa unaojijenga juu yake hukinga moyo wa mti. Ndiyo maana katika magofu mengi utakuta chuma kimelala chini kama nyoka, na nguzo nene ya mwerezi au ya loliondo bado imesimama, nyeusi nje, nzima ndani. Dari ya mbao nyembamba za msindano, hiyo huondoka mara moja.

Baada ya moto, tusome watu. Kaunta ilikuwa wapi? Hesabu milango, na uangalie kila mmoja ulielekea wapi: barabarani, uani, au jikoni. Je, kuna kidirisha cha nyuma ambacho kinywaji kingeweza kutolewa bila mnunuzi kuingia? Je, vyoo viko viwili, kimoja cha vigae na kingine cha shimo? Gofu peke yake halitakujibu, lakini litakupa swali la kumpelekea mzee aliyefanya kazi hapo. Vizibo vya bati pia husema. Kizibo hiki kilibuniwa na William Painter wa Baltimore, Marekani, mwaka 1892, na kwanza kilikuwa na meno 24. Vya siku hizi vina meno 21. Chupa nazo mara nyingine huwa na jina la kiwanda kwenye kioo chenyewe. Kiwanda cha Kenya kilianzishwa mwaka 1922, na mmoja wa waanzilishi, George Hurst, aliuawa na tembo. Bia ya Tusker ikapewa jina kwa kumbukumbu ya tembo huyo mwenye pembe. Karani aliyepiga muhuri hesabu za kampuni hiyo, na mpagazi aliyebeba makreti yake, hawakupewa bia yenye majina yao.

Ndugu zangu, nitoe mfano mmoja wa jirani zetu, ili tuone jinsi moto mmoja unavyoweza kusimuliwa kwa sauti moja tu. Huko Nyeri, Kenya, palikuwa na hoteli ndogo iliyojengwa mwaka 1932 juu ya mti mkubwa wa mgumo, ikaitwa Treetops. Mwenyewe alikuwa Eric Sherbrooke Walker. Haikuwa baa ya mtaani, lakini ilikuwa nyumba ya starehe ya wakati ule ule na ya watu wale wale: wageni walipanda jioni, wakapewa vinywaji na chakula, wakatazama wanyama wakija kunywa maji. Usiku wa tarehe 5 Februari 1952 alilala hapo Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Usiku huo wa kuamkia tarehe 6 baba yake akafariki. Dunia nzima inajua kwamba alipanda akiwa binti mfalme na akashuka akiwa malkia.

Oktoba mwaka ule ule ikatangazwa hali ya hatari nchini Kenya, na mwaka 1954 wapiganaji wa Mau Mau wakaichoma Treetops mpaka ikaisha. Mwaka 1957 ikajengwa nyingine, kubwa zaidi, na mwaka 2021 nayo ikafunga milango baada ya ugonjwa wa Uviko kuwakausha wageni. Habari za binti mfalme tunazo mpaka saa za usiku, kwa kuwa alikuwepo mwindaji Jim Corbett, naye aliandika. Lakini wapishi na wahudumu waliopanda ngazi ile na masinia, walisemaje asubuhi? Wale waliotoka msituni na moto, walikuwa wamekubaliana nini? Kwa nini nyumba hiyo na siyo nyingine? Upande huo wa daftari una mistari michache mno. Majivu hayakuufuta, ulikuwa haujaandikwa tangu mwanzo.

Hapo ndipo ninapofika kwenye jambo linalonifanya nisimame mbele yenu. Wengine watasema, Serikali iyalinde magofu haya. Tusome sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. Jengo la baada ya hapo halina budi kutangazwa rasmi ndipo lilindwe. Baa ya enzi za walowezi, hata kama ina miaka tisini, iko upande wa pili wa mstari huo. Hakuna anayevunja sheria ya mambo ya kale akibeba mawe yake kwenda kujengea zizi.

Lakini tunao mfano wa kututia moyo, tena hapa hapa mjini kwetu. Lile jengo la Kaloleni lilikuwa ukumbi wa ustawi wa jamii tu, wala halikuwa kongwe. Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana humo Januari 1967 na kupitisha Azimio la Arusha, nalo leo ni jumba la makumbusho. Lilihifadhiwa kwa sababu watu walijua kilichotendeka ndani yake. Jengo ambalo hakuna anayejua kilichotendeka ndani yake litabomolewa, na hatuwezi kumlaumu mbomoaji.

Basi napendekeza mambo matatu kwa Chama chetu. Kwanza, kila tawi lichague jengo moja la zamani la eneo lake lililoachwa, liwe baa, duka, ghala au kituo cha reli, wakalipime kwa futi kamba, wakachore ramani ya vyumba, na wakapige picha kwa simu zao. Pili, wakae na wazee watatu waliofanya kazi humo au kuzuiwa humo, na waandike majibu yao kwa maneno yao wenyewe. Wazee waliokuwa vijana wa miaka ishirini wakati wa Uhuru mwaka 1961 wamekwisha kupita themanini. Kazi hii haiwezi kungoja mkutano ujao. Tatu, nakala moja iwekwe katika maktaba ya shule yetu, ili kijana wa kidato cha pili aisome kabla hajaenda kurushia kuta hizo mawe.

Na kitu chochote kisiondolewe. Kizibo kikitoka mahali pake kikaingia mfukoni, kinageuka takataka ya mfukoni. Kikibaki mahali pake, chini ya kidirisha cha nyuma na siyo mbele ya kaunta, ni ushahidi.

Kuna watakaouliza: nyumba iliyotubagua, kwa nini tuiandike? Isingekuwa heri mvua za Meru zimalizie kazi iliyoanzwa na moto? Naielewa hasira hiyo, na siwaombi kuikarabati. Iangukapo na ianguke. Lakini wajukuu wetu wanaingia leo katika hoteli yoyote ya Arusha kwa mlango wa mbele, na wanadhani ilikuwa hivyo siku zote. Ukuta ukianguka kabla haujaandikwa, atakayesema kwamba hapakuwa na mlango wa nyuma hatakuwa na wa kumpinga.

Ndugu Mwenyekiti, nisiwachoshe, maana nasikia harufu ya nyama choma inatoka uani, na hapo hakuna mlango wa nyuma. Sote tutaingia kwa mbele.