SIMU YA MKONONI NA UTHIBITISHO WA UMRI: MAFUNZO KUTOKA KIBONDO NA KASULU

(Haya ni mazungumzo ya Afisa Habari wa Wizara mbele ya masheha na walimu wa skuli. Yanachapishwa katika ukurasa huu kwa faida ya wasomaji.)





Suala nililoombwa kulizungumzia ni hili: je, simu ya mkononi inafaa kutumiwa kuthibitisha umri wa mtu, ili kijana asiyetimia miaka 18 azuiliwe pale ambapo sheria imemkataza kuingia? Wengi wenu mliotaja jambo hili mlikuwa mkifikiria michezo ya kubahatisha, ambayo siku hizi haihitaji mtu kwenda popote. Fedha hutoka katika simu na dau hukubaliwa papo hapo. Jawabu langu ni kwamba simu inafaa kwa kiasi, na kiasi hicho kinaonekana wazi zaidi katika wilaya za mpakani za Kibondo na Kasulu, mkoani Kigoma, kuliko hapa Mjini.

Kwanza tutazame mfumo wenyewe ulivyo. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulianza nchini mwezi Mei 2019, na muda wa mwisho ulikuwa tarehe 20 Januari 2020. Tangu hapo laini ya raia hufungamanishwa na namba yake ya utambulisho kutoka Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa. Namba hiyo ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Namba inayoanza na 19840612 ni ya mtu aliyeandikwa kuwa kazaliwa tarehe 12 Juni 1984. Kwa kuwa namba hiyo ilikuwa ikipewa aliyetimia miaka 18, kampuni haikuwa na haja hata ya kufanya hesabu. Kule kuwa nayo tu kulikuwa ushahidi wa utu uzima. Laini ya mtoto husajiliwa na mzazi au mlezi wake.

Na hapo ndipo penye ufa. Mfumo unamjua aliyeweka kidole siku ya usajili; haumjui aliyeishika simu usiku wa leo. Katika vijiji vya nyanda za juu za Kigoma, kama ilivyo katika shehia zetu nyingi za shamba, simu moja huweza kuwa ya nyumba nzima. Baba anaitumia kupokea malipo ya maharage, mama kuulizia wagonjwa, na mtoto wa darasa la saba ndiye anayewasomea wote wawili ujumbe, na namba ya siri anaijua. Kijana huyo akicheza kamari, kwenye daftari la kampuni aliyecheza ni mtu wa miaka 45. Sheria imetimizwa katika maandishi, na fedha ya mbolea imekwenda.

Lakini khatari ya pili naiona kubwa zaidi, nayo haizungumzwi sana. Mlango unaomzuia mtoto humzuia pia mtu mzima asiye na karatasi. Kibondo na Kasulu zimepakana na Burundi. Wakimbizi walipokewa huko mwaka 1972, mwaka 1993, na tena mwaka 2015. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu wa Kongo, na Nduta, wilayani Kibondo, ikafunguliwa upya mwaka 2015 kwa ajili ya Warundi. Kwa sababu hiyo uchunguzi wa uraia huko ni mkali, na Muha aliyezaliwa hapo, kama babu yake alivyozaliwa hapo, huweza kutakiwa athibitishe kuwa yeye si mgeni. Athibitishe kwa kitu gani? Wazee wengi hawakuandikwa popote. Ukimuuliza mmoja wao umri wake, atakwambia alikuwa anachunga mbuzi wakati wa Operesheni Kigoma, watu walipohamishiwa vijijini miaka ya sabini ya mwanzo. Hiyo ni tarehe nzuri kwa wenye kujua, ila haina tarakimu nane. Asiyekuwa na namba hana laini kwa jina lake, na asiyekuwa na laini hana mahali pa kuwekea fedha zake isipokuwa katika simu ya mtu mwingine. Mtu wa makamo hugeuzwa mtoto kwa kukosa karatasi.

Kwa hiyo mimi naona kazi yenyewe ianzie mbali na dukani kwa wakala wa laini, nayo ni pale mtoto anapozaliwa. Huko Bara, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini ulianza mwaka 2013, mkoani Mbeya, mpango wa kuwasajili watoto wa chini ya miaka 5, kisha ukauendeleza mkoa kwa mkoa. Mzazi hatakiwi kwenda makao makuu ya wilaya. Cheti huandikwa kwa mkono katika kituo cha afya au ofisi ya kata, bila ya malipo, na msajili hutuma taarifa kwa simu ya mkononi hadi katika daftari kuu. Hiyo ndiyo simu inayothibitisha umri kwa haki, kwa sababu inauandika umri wakati hakuna bado mwenye faida ya kuudanganya. Sensa ya 2012 ilionesha kuwa huko Bara watoto wa umri huo wenye vyeti walikuwa takriban 13 tu katika kila 100.

Cheti hicho si cha kamari peke yake. Mahakama ya Rufani iliamua Oktoba 2019, katika shauri la Rebeca Gyumi, kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana wa Bara kuolewa chini ya miaka 18 vinakiuka Katiba. Lakini binti wa Kasulu ambaye baba yake asema ana 18 na mwalimu wake asema ana 15, ataokolewa na nini kama hakuandikwa?

Kwetu kazi hii ni ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, uliowekwa kwa Sheria Namba 3 ya mwaka 2018. Nawaomba masheha, mzazi akija kutaka barua kwa ajili ya mtoto mchanga, msimwambie arudi kesho. Walimu, mkiandikisha darasa la kwanza, nakilini tarehe kutoka katika cheti, msiikadirie kwa kimo cha mtoto. Na kila mwenye simu apige *106# aone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Akikuta asiyoijua, aende kwa mtoa huduma akaifungishe siku hiyo hiyo.