Bahati Nasibu na Mshahara wa Askari

Mazungumzo Baada ya Habari: Nchi Jirani

Tarehe 29 Aprili 2025, bodi ya serikali ya Kenya inayosimamia michezo ya kamari ilisimamisha kwa muda wa siku 30 matangazo yote ya michezo hiyo katika vyombo vya habari na kwenye mabango ya barabarani. Mwezi Agosti mwaka huo huo, Rais William Ruto alitia sahihi sheria mpya ya kamari, ikachukua mahali pa sheria iliyotungwa mwaka 1966. Kwa kipindi cha karibu miaka 60, Kenya iliitazama bahati nasibu kama burudani ndogo ya mwisho wa wiki. Sasa ni dhahiri kwamba burudani hiyo imekuwa mzigo.

Uganda ilikwisha kuliona jambo hilo mapema. Sheria yake ya mwaka 2016 inamkataza mtu yeyote aliye chini ya umri wa miaka 25 kucheza kamari. Januari 2019, Waziri wa Nchi wa Fedha, David Bahati, alitangaza agizo la Rais Museveni kwamba makampuni mapya ya kubahatisha matokeo ya mechi yasipewe leseni, na kwamba yaliyokuwapo yasiongezewe muda leseni zao zitakapokwisha. Hata hivyo biashara hiyo haikufa. Mwaka 2023 serikali hiyo hiyo iliongeza kodi ya michezo ya kamari kutoka asilimia 20 hadi 30. Mkono mmoja wakataza, na mkono wa pili wapokea.

Katika hali kama hiyo, mwananchi anayesimama mbele ya kibanda cha tiketi, au anayeshika simu yake mkononi, yampasa ajiulize swali moja: je, tiketi hii ina thamani ya fedha ninayoitoa? Swali hilo halihitaji mahubiri. Linahitaji hesabu.

Uchukuliwe mchezo unaojulikana katika nchi nyingi duniani, ule wa kuchagua namba 6 kati ya namba 49. Idadi ya mafungu tofauti ya namba yanayoweza kutokea ni 13,983,816, na fungu moja tu ndilo linalopata zawadi kubwa. Askari anajua maana ya kupanga watu mstarini. Wakipangwa watu wa idadi hiyo, kila mmoja akachukua nafasi ya mita moja, mstari wao utafika karibu kilomita 14,000. Kutoka Mombasa hadi Nairobi si kilomita 500; hivyo gwaride hilo lingeijaza barabara yote hiyo zaidi ya mara 27. Mnunuzi wa tiketi moja ni sawa na mtu aliyefungwa kitambaa machoni, akaambiwa amguse mtu mmoja tu katika mstari huo, na amguse yule anayetakiwa kwa jaribio la kwanza. Akinunua tiketi moja kila wiki bila kukosa, itampasa acheze kwa miaka karibu 268,900 ili afikie idadi hiyo ya majaribio, na hata hapo hana hakika.

Watetezi wa bahati nasibu husema kwamba kuna zawadi ndogo ndogo pia. Ni kweli. Lakini katika bahati nasibu nyingi za taifa duniani, nusu tu ya fedha za tiketi, au zaidi kidogo, ndiyo inayorudi kwa wachezaji wote kwa jumla. Sehemu inayobaki ni kodi, ni gharama za uendeshaji, ni faida ya mwenye leseni. Maana yake ni kwamba katika kila shilingi 100 zinazoingia, wachezaji wote kwa pamoja wamekwisha kupoteza shilingi 40 au 50 kabla namba hazijatajwa. Hakuna mfanyabiashara wa sokoni atakayekubali masharti ya namna hiyo.

Zamani ugumu wa kuipata tiketi ulikuwa kinga. Mtu alilazimika kutembea hadi kwa muuzaji, atoe sarafu mfukoni, aione ikiondoka. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, na huduma kama hiyo zikaenea katika nchi jirani, kinga hiyo imebomoka. Mshahara unaingia katika simu, na simu hiyo hiyo ndiyo mlango wa mchezo. Mtu aliye lindo usiku, peke yake, mwenye usingizi na mawazo ya karo za watoto, anaweza kupoteza mshahara wa wiki nzima kabla ya kupambazuka, na asimwone hata mtu mmoja wa kumwambia: ndugu, inatosha.

Hapa ndipo suala hili linapokuwa zito zaidi kwa askari kuliko kwa raia wengine. Mkulima akipoteza fedha, hasara ni ya nyumba yake. Askari akipoteza fedha, hasara haiishii nyumbani. Mwenye madeni ana bwana mwingine zaidi ya kamanda wake. Konstebo aliyecheza mshahara wake wote tarehe 2 ya mwezi, na anayedaiwa kantini, dukani na kwa wenzake, atasimama barabarani tarehe 20 akiwa na njaa. Mvunja sheria atakayemnyoshea noti atakuwa amemkuta tayari ameshindwa. Karani wa kikosi aliyekabidhiwa fedha za chakula cha wenzake ataanza kuzitazama kama mkopo, akijiambia kwamba atazirudisha bahati itakapomwangukia. Adui wa nchi hatafuti ukuta ulio imara, hutafuta ufa. Deni la siri ni ufa.

Ni haki kusema pia upande wa pili. Bahati nasibu zinazosimamiwa vizuri zimechangia hospitali, shule na michezo katika nchi kadha. Na mtu anayenunua tiketi moja kwa sarafu ambayo angeweza kuinunulia kikombe cha chai, akafurahia siku mbili za kuota ndoto, kisha akasahau, hajafanya kosa. Amelipia burudani. Kosa linaanza siku ile anapoiita burudani hiyo mpango wa maisha, na anapoongeza fedha ili kuzikomboa zile zilizokwisha kupotea. Mpira wa bahati hauna kumbukumbu: haujui kwamba mtu huyu ameshindwa mara 100, wala haumwonei huruma.

Kuna njia nyingine, nayo askari wenyewe wa nchi jirani wameionyesha. Wanajeshi wa Uganda wana chama chao cha akiba na mikopo kiitwacho Wazalendo, na polisi wa Kenya wana chao pia. Hesabu ya vyama hivyo haina miujiza. Anayeweka shilingi 100 kila siku atakuwa na 36,500 kwa mwaka, na 365,000 kwa miaka 10, hata kabla ya kuhesabu faida. Na kwa kuwa vyama vingi vya namna hiyo humkopesha mwanachama hadi mara tatu ya akiba yake, akiba ya mwaka mmoja yaweza kumfungulia mkopo wa shilingi 109,500: bati za nyumba, ng'ombe wa maziwa, au cherehani ya mke wake. Hapo mshindi si mmoja kati ya karibu milioni 14. Washindi ni wote waliovumilia.

Serikali za nchi jirani zitaendelea kuvutana na jambo hili, kwa sababu hazina huipenda kodi ya kamari hata pale waziri anapoilaani. Askari hana haja ya kungoja mvutano huo umalizike. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mshahara, hata ukiwa mdogo, ndio mbachao wa askari. Bahati nasibu ni msala upitao, na wengi walioukimbilia wamerudi nyumbani wakakuta hata mbacha haupo.