Mtumbwi Kwanza, Moteri Nyuma

Maneno ya mfanyakazi wa uwanja mbele ya wanachama wavuvi wa Kasongo na Kabambare, pamoja na wageni wafadhili



Niliombwa niseme juu ya moteri. Kwenye kila mkutano, iwe Kasongo-Rive, iwe kule Luama, neno ni lile lile: "Mutupatie moteri." Sababu naisikia. Wengi wenu mlikaa miaka mingi kwenye kambi za Kigoma, Lugufu na Nyarugusu, na njiani mliona boti za Ziwa Tanganyika zinavyokimbia. Mlirudi nyumbani mkakuta kasia. Lakini fedha ya sanduku letu ni ya wote. Ikiingia kwa moteri wakati mtumbwi haujawa tayari, tunaweza kupoteza fedha, moteri na mtu, vyote siku moja.

Tuanze na uzito. Moteri ya nje ya nguvu 15 iko na zaidi ya kilo 30. Ile ya nguvu 40 inapita kilo 70. Ongeza bidoni ya esansi na mtu anayeishika, wote wako nyuma. Mtumbwi wa mti mmoja ulichongwa kwa kasia. Ukiubebesha hivyo, nyuma inazama, mbele inanyanyuka. Tena ukizima moteri ghafula, wimbi lako mwenyewe linakufuata na kuingia kwa nyuma. Wazee wa Wagenya hapa wanajua maji kuliko mimi, na hilo hawatalibisha.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni mbao. Ongezeni ubao juu ya kila ukingo, ili maji yawe mbali na mdomo wa mtumbwi. Pale ubao unapokutana na mti, pigeni kalafati: pamba iliyoloweshwa mafuta ya mawese, inasukumwa ndani kwa patasi butu, halafu juu yake mnapigilia kipande chembamba cha bati. Nyuma, pale moteri itakaposhikwa, wekeni ubao mnene wa mti mgumu, ufungwe kwa buloni zinazopita upande hadi upande. Musumari peke yake hautoshi, kwa sababu moteri inatikisika na musumari unatoka polepole. Na moteri yenyewe ifungwe mnyororo kwenye mtumbwi. Ikichomoka, isiende chini.

Kazi ya pili njo ninayoipenda kuliko zote, na ni rahisi: bidoni tupu. Bidoni ya lita 20 iliyofungwa vizuri, ikiwa yote chini ya maji, inanyanyua karibu kilo 19. Bidoni 4 zinanyanyua zaidi ya kilo 70. Mbili ziwe nyuma, mbili mbele, chini ya viti. Zifungwe kwa mpira wa ndani wa tairi ya pikipiki, na juu yake ubao wa kuzizuia. Bidoni iliyolegea inaruka na kwenda zake saa ile unapoihitaji.

Halafu mfanye mtihani, kwenye maji yanayofika kiunoni. Wekeni nyuma vyuma vizee vyenye uzito sawa na moteri. Jazeni mtumbwi maji mpaka ukingo. Kama bado unaelea na watu wawili wanaweza kuushikilia, umefaulu. Kama unazama, ongezeni bidoni. Kwa wasio na jile ya kuokoa, chupa 6 tupu za lita 1 na nusu, zikishonwa ndani ya kitambaa kigumu, zinanyanyua karibu kilo 9. Haishindi jile ya kweli, lakini inashinda mikono mitupu.

Sasa moteri. Wakati wa kiangazi michanga inatokea Lualaba na Luama, na feni ya moteri ya nje inagonga chini. Wavuvi wa Thailand waliijibu shida hiyo zamani: moteri ndogo, bomba refu lenye chuma kinachozunguka ndani, feni kwenye ncha. Yote inakaa juu ya egemeo. Ukiona mchanga, unabonyeza mkono chini na feni inanyanyuka. Moteri ya pampu ya maji inafaa, na fundi wetu wa pikipiki anajua kabureta yake na bujia yake. Fundi wa kuchomea vyuma anaweza kutengeneza egemeo. Lakini kila kinachozunguka kifunikwe, kisije kukamata kitenge cha mama. Na kamba fupi ya swichi ya kuzima ifungwe mkononi mwa dereva: akianguka majini, moteri inakufa.

Taa nayo. Zile taa za ziwani za kuita ndagala zinafanya kazi kwenye maji meupe yenye kina. Lualaba ni maji ya udongo, mwanga haufiki mbali. Kwetu taa ni ya kuonekana na balenieri usiku. Betri ya volti 12 yenye amperi-saa 7, na taa ya wati 10, inawaka karibu saa 4 bila kuimaliza betri kupita nusu. Wekeni fyuzi karibu na betri.

Kwa wafadhili nasema kwa heshima: moteri mpya inapendeza kwenye picha. Bidoni chini ya kiti haionekani. Lakini moteri ikinyamaza kwa kukosa esansi, na mnajua bei yake Kabambare barabara ikiharibika, bidoni inaendelea na kazi yake.

Kwa hiyo ombi langu kwa mkutano huu ni moja. Sanduku lilipe kwanza mbao, pamba, buloni na bidoni kwa kila mtumbwi wa mwanachama. Mtumbwi ukifaulu mtihani wa maji, mwenyewe aingie kwenye orodha ya moteri. Usipofaulu, angojee, hata kama ni mukubwa wetu, hata kama ni rafiki yangu.

Sasa wazee waseme.